Kisanduku cha sumaku cha 35,000: sumaku safi, dira kagua kwanza

Nafundisha Sayansi darasa la tano hapa Dar, watoto sabini na wawili, na miaka yote mada ya sumaku nimeifundisha kwa kipande kimoja nilichokitoa kwenye spika mbovu. Januari nikajikakamua, nikanunua kisanduku hiki Kariakoo kwa shilingi 35,000 za mfukoni mwangu. Nimekitumia muhula mzima.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni zile sumaku tano za duara zenye tundu. Unazivisha kwenye kijiti. Ukizielekezanisha ncha zinazofanana, ya juu haigusi ya chini, inaelea. Ukiibonyeza unaisikia ikikataa, na kadiri unavyoishusha ndivyo inavyozidi kukaza. "Ncha zinazofanana husukumana" nimeiandika ubaoni mara nyingi mno. Safari hii kila mtoto alipita mbele akaibonyeza kwa kidole chake, na kwenye mtihani hakuna aliyekosea swali hilo.

Unga wa chuma umefungiwa ndani ya sahani ya plastiki, jambo la busara, maana ukishanata kwenye sumaku kuutoa ni kazi. Sumaku chini, sahani juu, gonga kidogo: unga unajipanga mistari inayopinda kutoka ncha moja hadi nyingine, na unasongamana pale penye nguvu zaidi, kwenye ncha.

Dira sasa. Tulizipanga nne mezani, mbili zikaonyesha huku, mbili kule. Nikashuku miguu ya chuma ya madawati, tukatoka nje. Hali ileile. Binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona hizi mbili zimeipa kibla mgongo?" Hapa Dar kibla iko kaskazini karibu kabisa, kwa hiyo alikuwa sahihi: ncha nyekundu, ambazo zinatakiwa kuonyesha kaskazini, zilikuwa zinaonyesha kusini.

Sababu niliiona nilipokiangalia tena kisanduku. Dira zimelazwa ubavuni mwa sumaku kali, bila hata kipande cha boksi katikati. Sindano ya dira nayo ni sumaku, ila ndogo na dhaifu; ikikaa karibu na yenye nguvu inaweza kugeuzwa ncha zake. Nilirudi dukani, nikajibiwa kwamba mali ikishatoka hairudi. Iliniuma.

Nikazitengeneza mwenyewe. Kwanza nilihakikisha rangi za sumaku ndefu ni za kweli: niliifunga uzi katikati nikaining'iniza kwenye mwembe, kwa sababu darasani madirisha yana nondo. Ilipotulia, nyekundu ilielekea kibla. Ndipo nikafungua dira kwa kisu, nikaishikilia sindano, nikaisugua kwa upande wa bluu wa sumaku, kutoka katikati kwenda ncha nyekundu, upande mmoja tu bila kurudi nyuma, kama mara ishirini. Zikakaa sawa. Watoto walilishangilia hilo kuliko somo lenyewe.

Kuna na vidonge viwili vidogo vya neodimiamu, yaani sumaku ndogo zenye nguvu sana. Hivyo nimevitoa kabisa. Mtoto akivimeza vyote viwili vinaweza kuvutana ukuta wa utumbo ukiwa katikati, vikautoboa. Kwenye kisanduku hakuna onyo hata mstari mmoja, na hili ndilo kosa kubwa kuliko la dira.

Waya na kishikio cha betri vinatosha kurudia jaribio la mwanasayansi wa Denmark, Ørsted, la mwaka 1820, lililoonyesha kuwa umeme huzaa usumaku: waya juu ya dira, unganisha betri, sindano inageuka, geuza betri, inageukia upande wa pili. Usiunganishe muda mrefu, waya unapata moto.

Kwa bei hii ningenunua tena, ila ningekifungua palepale dukani na kuzipanga dira zote kabla ya kutoa hela. Zangu sasa zinakaa kwenye kopo, rafu ya juu kabisa, na sumaku ziko chini.