Hema la kwenda dago: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja Northumberland

Naandika haya Januari, hema likiwa limesimama sebuleni. Sofa nimelisukuma ukutani, na mkia wa hema umeingia chini ya meza ya chakula. Kwa nini liko ndani nitasema mbele. Kosa ni langu, si la hema.

Nililinunua Mei mwaka jana kwa pauni 240. Umbo lake ni la handaki, lina vyumba viwili vya kulala, na limeandikwa "watu wanne". Wanne hao wawe wakubwa wawili na watoto wawili wasiogombana. Kampuni siitaji, maana mahema ya aina hii yanafanana sana na haya nitakayosema yatakufaa hata ukinunua jingine. Tumelitumia kwenda dago, yaani kupiga kambi pwani, mara nne, Juni hadi Septemba, pande za Beadnell na Bamburgh, pwani ya kaskazini mashariki ya Uingereza, mwendo wa kilomita kama 80 kutoka Newcastle tunakoishi.

Tuanze na upepo, maana Bahari ya Kaskazini haina huruma. Safari ya kwanza tulilisimamisha ubavu ukiutazama upepo. Likavimba kama tanga la ngalawa na nguzo zikajipinda mpaka mke wangu akaanza kuhamishia vyombo garini. Tukalizungusha, mkia ukaelekea upepo kama omo la jahazi, na papo hapo likatulia. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi ya maelekezo.

Vigingi walivyotupa ni aibu. Ni vijiti vyembamba vya chuma ambavyo kwenye udongo wenye majani vinajitahidi, ila kwenye mchanga havishiki hata kidogo. Usiku wetu wa pili Agosti, saa nane, kimoja kiling'oka na kamba ikawa inalichapa turubai, pa, pa, pa. Nikatoka na kikoi changu, meno yanagongana, na hapo ndipo akili ya kwetu Pangani ikanirudia: kwenye mchanga mtu hapigi kigingi, anatia nanga. Nikachukua mifuko ya dukani, nikaijaza mchanga, nikaifunga kamba na kuifukia kwa kina cha dhiraa moja. Tangu siku hiyo hakuna kilichong'oka.

Mvua halipitishi. Ukiamka ukakuta matone yananing'inia kwa ndani usikimbilie kudai fedha zako, hizo ni pumzi zenu. Acha matundu ya hewa wazi hata kukiwa na baridi.

Ubaya mwingine ni kitambaa cha vyumba, cheupe mno. Juni huku jua linazama saa nne usiku kasoro kidogo, na saa kumi alfajiri watoto wameshaamka wanataka uji. Waislamu wenzangu wa huku mnajua, Isha na Alfajiri karibu zishikane mikono. Nililalamika sana wakati ule. Sasa saa kumi ni ya alasiri na giza ndilo hilo linaingia, natazama dirishani nikitamani kuamshwa na ule mwanga wa kero.

Mama alipoona picha alipiga simu. "Baba yako alikuwa akienda dago kwa sababu ya samaki. Wewe mwanangu unafuata nini huko?" Nilimwambia nafuata bahari. Akauliza kama maji ni ya moto. Nikasema nyuzi 14 hivi, katikati ya kiangazi. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Lakini nilimsimulia pia kuhusu Lindisfarne, na hapo alinyamaza. Ni kisiwa ambacho barabara yake hufunikwa na maji kila yanapojaa, mara mbili kwa siku, na saa za kupita zimebandikwa ubaoni. Njiani kuna kibanda juu ya nguzo, cha wanaodharau ubao. Watoto wangu, waliozaliwa hospitali ya mjini, walijifunza pale bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) na maji mafu (yanapojaa na kutoka kidogo) kwa kutazama, kama nilivyojifunza mimi.

Sasa kosa langu. Asubuhi ya mwisho Septemba ukungu ulitoka baharini, ule ambao wenyeji wanauita "fret", ukalowesha kila kitu. Tulilikunja hema bichi. Nikasema nitalianika nyumbani, kisha zamu za kazi zikanimeza na hema likabaki gereji. Wiki hii nimelifungua: uliingia ukungu wa bahari, umetoka ukungu wa madoa meusi kwenye mishono yote. Nimelisugua kwa maji ya vuguvugu na sifongo bila sabuni, maana sabuni kali huharibu dawa inayozuia maji. Harufu imepungua, madoa yamebaki. Pembeni ulimwagika mchanga wa kujaza vijiko viwili, na bado uko kwenye zulia. Hakuna aliyeufagia, na nyumba hii si ya watu wachafu.

Nalipa nyota nne. Ya tano imekwenda na vigingi.

Kambi nyingi za huku hufungwa mwisho wa Oktoba na kufunguliwa karibu na Pasaka. Mimi nimeshaweka nafasi wikiendi ya kwanza ya Mei. Mifuko kumi mitupu iko garini tayari, na usiku huu watoto wamekataa vitanda vyao, wanalala humo sebuleni, mkia wa hema ukielekea mlango unaopitisha upepo.