Kibodi ipi ununue ikiwa vitufe vya F na Fn ni muhimu kwako

Wengi huchagua kibodi kwa umbo, bei na mlio wa vitufe. Lawama huanza siku ya pili: F5 inapunguza mwanga wa skrini badala ya kupakia upya ukurasa, kitufe cha kupiga picha ya skrini hakionekani kilipo, na Fn iliyozoeleka kwenye laptopu imekuwa bubu. Mara nyingi kibodi haina ubovu wowote. Imetengenezwa hivyo, na swali moja kabla ya kulipa lingetosha: anayeamua kitufe kifanye nini ni kibodi yenyewe au ni kompyuta? Chaguo zilizo hapa chini zimepangwa kwa kigezo hicho.

Fn haifiki kwenye kompyuta

Ukibonyeza herufi A, kibodi ya USB hutuma namba 4. Kila kitufe cha kawaida kina namba yake katika jedwali moja, na vitufe vya sauti na muziki vina zao katika jedwali la pili. Fn, kwenye kibodi nyingi, haina namba kokote. Ukiishikilia, kibodi hubadilisha tu namba itakayotumwa: F12 peke yake inatuma F12, lakini Fn na F12 pamoja zinatuma "ongeza sauti". Kompyuta haijui kamwe kwamba Fn imeguswa. Ndiyo maana hakuna programu ya Windows inayoweza kuihamisha Fn ya kibodi kama hiyo ipeleke kazi yake kwenye kitufe kingine, hata uipakue ipi.

Apple wamejitenga. Kibodi zao hutuma Fn kwa namba ya kampuni yenyewe, na macOS ndiyo inayoamua kitakachofuata. Kwa hiyo njia za mkato za kitufe cha dunia (ndiyo Fn ya Apple, yenye picha ya dunia), kwa mfano ile ya kufungua emoji kwa Fn na E, hazitajibu kwenye kibodi ya kampuni nyingine hata kama imechapwa Fn kwa herufi kubwa. Dawa ipo: programu ya bure ya Karabiner-Elements inaweza kugeuza kitufe usichokitumia, tuseme Caps Lock au Ctrl ya kulia, kiwe Fn mbele ya macOS.

1. Kibodi inayohifadhi mpangilio ndani yake

Hii ndiyo tunayoiweka juu, na kwa mbali. Tafuta kwenye maelezo ya bidhaa maneno QMK (programu inayoendesha kibodi kwa ndani) au VIA (ukurasa wa kuipanga). Mifululizo ya Q na V ya Keychron ni mfano unaopatikana kwa urahisi. Unachobadilisha kinakaa kwenye kumbukumbu ya kibodi. Ukiihamishia kwenye kompyuta ya ofisi ambayo huruhusiwi kusakinisha chochote, mpangilio unakwenda nayo.

Kupanga ni kazi ya dakika chache. Unganisha kwa waya, hata kama kibodi ina Bluetooth. Fungua ukurasa wa VIA kwa Chrome au Edge. Firefox haitaiona kibodi. Gusa kitufe kwenye picha, kisha chagua kazi mpya kwenye orodha ya chini. Hakuna cha kuhifadhi, mabadiliko yanaingia papo hapo.

Kosa linalorudiwa mno ni la tabaka, yaani seti nzima ya kazi za vitufe. Keychron hizo zina swichi ya pembeni ya kuchagua Mac au Windows, na mpangilio una tabaka nne: 0 na 1 ni za Mac, 2 na 3 ni za Windows. Mtu wa Windows hubadilisha tabaka 0, haoni kitu, akadhani VIA imeharibika. Tabaka 2 ndilo analolitumia, na tabaka 3 ndilo linaloamka akishikilia Fn. Kwenye Linux kuna kikwazo kingine: VIA inaweza kukataa kuiona kibodi kwa sababu mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kusoma kifaa hicho. Huhitaji kibodi nyingine, unahitaji kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa) inayotoa ruhusa.

Faida isiyotangazwa ni F13 hadi F24. Namba zake zipo kwenye jedwali la USB na Windows inazielewa, ila karibu hakuna kibodi yenye vitufe hivyo. Ukiviweka kwenye vitufe usivyotumia, unapata njia za mkato ambazo hazigongani na programu yoyote.

Angalizo: jina la kampuni halitoshi. Matoleo ya zamani ya mfululizo wa K wa Keychron hayapangwi kwa VIA. Zaidi ya hapo, mbele ya Linux hujitambulisha kama kibodi za Apple, na safu nzima ya F inabaki kwenye sauti na mwanga. Andika mstari huu kwenye faili /etc/modprobe.d/hid_apple.conf:

options hid_apple fnmode=2

Kisha jenga upya initramfs, faili ambalo Linux husoma inapoanza kuwaka (kwenye Ubuntu na Debian ni sudo update-initramfs -u), na uwashe kompyuta upya. Namba 2 inazipa F kipaumbele. Isipofaa, jaribu 0.

2. Kibodi ya ofisi ya vifaa vitatu

Logitech MX Keys na K380 ni za kundi hili. Zinaunganishwa na vifaa vitatu, unahama kwa kitufe kimoja, na alama za Windows na Mac zimechapwa pamoja. Kwa anayeandika kutwa kwenye laptopu na kujibu ujumbe kwenye simu, hakuna iliyo rahisi zaidi. Kwenye MX Keys, Fn na Esc pamoja hufunga au kufungua safu ya F, kwa hiyo F5 inarudi kuwa F5 bila programu yoyote.

Kilichozishusha hadi nafasi ya pili ni kwamba mabadiliko mengine yote yanategemea programu ya kampuni kwenye kompyuta. Hamia kompyuta nyingine, yamekwisha.

Kuna na suala la Bluetooth. Kabla mfumo endeshi haujawaka, kompyuta nyingi hazina habari na kibodi ya Bluetooth: huwezi kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta), wala kuandika PIN ya BitLocker, kufuli la diski la Windows. Kipokezi cha USB, kile kidude kidogo cha kuchomeka, hakina tatizo hilo, kwa sababu kompyuta inakiona kama kibodi ya waya. K380 ya awali ni ya Bluetooth tu, basi weka kibodi ya waya kabatini. Ukinunua kipokezi cha ziada, tazama alama iliyochorwa juu yake: Logi Bolt na Unifying, aina mbili za vipokezi vya Logitech, havielewani.

Kipokezi kikilala ubavuni mwa diski ya USB 3.0, herufi zitapotea au kujirudia. USB 3.0 hutoa kelele ya redio kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz. Kebo fupi ya kurefusha USB, inayokisogeza kipokezi mbali na tundu hilo, humaliza ugomvi.

3. Kibodi ya waya ya kawaida, pamoja na programu ya bure

Ya vitufe 104 au 105, isiyo na taa wala mbwembwe. Tumeipandisha juu ya nyingi za bei kubwa kwa sababu haina siri: kila kitufe kinatuma namba inayojulikana, F ni F, na BIOS inaitambua.

Kwenye Windows, sakinisha PowerToys, fungua Keyboard Manager, chagua kitufe cha zamani na kipya. Inafanya kazi tu PowerToys ikiwa inaendesha, hivyo kwenye skrini ya kuandika nywila kitufe kitarudi kilivyokuwa. Ukitaka mabadiliko yashike hata hapo, tumia SharpKeys. Yenyewe huandika kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo), inahitaji haki za msimamizi, na lazima uwashe kompyuta upya.

Kwenye Mac, kitufe cha Windows kinakuwa Command na Alt inakuwa Option, lakini nafasi zake zimepishana na vidole vitakosea. Ingia System Settings, Keyboard, Keyboard Shortcuts, Modifier Keys. Hapo juu kuna orodha ya kibodi. Chagua ya nje kwanza, ndipo ubadilishane Option na Command. Ukiruka hatua hiyo utavuruga kibodi ya laptopu na kuiacha ya nje kama ilivyo.

Usishangae Scroll Lock ikipunguza mwanga na Pause ikiuongeza. macOS inazisoma kama F14 na F15. Print Screen nayo ni F13, kwa hiyo unaweza kuipa kazi ya kupiga picha ya skrini, kwenye ukurasa uleule wa Keyboard Shortcuts, sehemu ya Screenshots.

Kuhusu 104 na 105: ya 105 ina Enter ndefu iliyosimama na kitufe cha ziada kando ya Shift ya kushoto. Mac ikikuuliza ubonyeze kitufe kilicho kando ya Shift na ukajibu vibaya, alama ya ` na § zitabadilishana nafasi. Rudia swali kwa Change Keyboard Type.

4. Kibodi ya Apple kwa Mac

Kama unaishi kwenye Mac moja na unataka Fn halisi na alama ya kidole, usihangaike: ni Magic Keyboard. Hakikisha tu, Touch ID yake inafanya kazi na Mac zenye chipu za Apple. Kwenye Mac ya Intel utaandika herufi lakini kidole hakitasomwa. Yenye namba pembeni ina F13 hadi F19. Iko nafasi ya nne kwa sababu ukiipeleka Windows unabaki bila Print Screen na Insert.

5. Kibodi ya michezo yenye vitufe vya G

Ile safu ya vitufe vya ziada upande wa kushoto huvutia sana. Uliza kwanza kama kibodi ina kumbukumbu ya ndani. Isipokuwa nayo, vitufe hivyo bila programu ya kampuni aidha havitumi kitu, au vinanakili F1 hadi F6, na programu yenyewe mara nyingi ni ya Windows peke yake.

Kibodi nyingi za aina hii hurudishwa dukani kwa sababu "kitufe cha Windows kimekufa". Hakijafa. Kuna hali ya michezo inayokifunga, na huwashwa kwa bahati mbaya. Tafuta kitufe chenye picha ya kufuli au kidhibiti cha mchezo, au jaribu Fn na Windows pamoja.

Ya kuepuka

Kibodi ndogo ya vitufe 61 isiyopangika. Haina safu ya F wala mishale. Alt na F4 inakuwa vidole vitatu: Alt, Fn na 4. Ikipangika ni habari nyingine, maana unaweza kuiweka Fn chini ya kidole gumba.

Usilipie zaidi pia kwa ajili ya kitufe cha Copilot (msaidizi wa AI wa Microsoft), kilichotangazwa na Microsoft Januari 2024. Kinatuma Windows, Shift na F23 kwa mpigo. Kile cha Office cha kibodi zao kinatuma Ctrl, Shift, Alt na Windows. Kibodi ya namba moja hapo juu inaiga vyote viwili.

Siku inapofika

Ijaribu kabla muda wa kurudisha haujaisha. Fungua kionyeshi cha vitufe: Karabiner-EventViewer kwenye Mac, evtest kwenye Linux, au ukurasa wowote wa kujaribu kibodi kwenye Windows. Bonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, bila Fn na kisha ukiwa umeishikilia Fn. Kisichoandika chochote bila Fn hakitapangika kwa programu ya kompyuta. Shikilia Shift, Ctrl na herufi tatu kwa pamoja uone kama zote zinatokea. Ilaze kompyuta, subiri dakika kumi, iamshe kwa kibodi. Mwisho, izime kabisa, uiwashe na ujaribu kuingia BIOS. Ikigoma hapo na huna kibodi nyingine ya waya, irudishe.