Kibanda cha muvi za flashi Majengo: Star Trek nimepata ila imekata pabaya

Kwanza duka lenyewe. Lipo Majengo sokoni, ukishawapita wauza nyanya ingia ndani kidogo, kibanda kimoja, kompyuta moja na spika inapiga singeli toka asubuhi. Unampa flashi, unataja unachotaka, unakaa kwenye stuli. Episodi moja jero. Ukipiga hesabu ya bando hiyo ni bure kabisa. Kijana ana heshima, ananiita dada, na hakunilazimisha zile za kutafsiriwa.

Nilichotaka ni zile episodi za alieni ambazo ubaguzi wa huku duniani wanabebeshwa watu wa sayari nyingine, hasa ishu ya mapenzi ya jinsia moja, maana kwenye tv ya zamani ilikuwa haitajwi hivi hivi.

Nikaanza na The Outcast ya 1992, ni ya Star Trek TNG (The Next Generation), tamthilia ya Kimarekani ya watu wanaozunguka angani na chombo chao. Kuna watu wanaitwa J'naii, kwao hakuna mwanaume wala mwanamke, sasa ukijihisi wewe ni wa kike au wa kiume unaitwa mgonjwa na unapelekwa kutibiwa akili. Mmoja wao, Soren, anajijua ni wa kike na kampenda Riker, ofisa wa kile chombo cha anga. Wamegeuza shati tu hapo, cha kawaida kwetu ndo dhambi kwao. Akakamatwa, akajitetea mbele ya wakubwa wao, mwenzenu nikaacha chai ikapoa, halafu Riker na ofisa mwenzake Worf wanashuka kwenda kumtorosha na hapo hapo faili likakata. Giza. Siku mbili nzima nimeamini Soren kaokolewa.

Ila naisema, imeogopa. Soren kachezwa na mwanamke kwa hiyo macho yako yanaona mwanaume na mwanamke wanapendana, nani atashtuka? Jonathan Frakes, aliyecheza Riker mwenyewe, alikuja kusema Soren alitakiwa aonekane wa kiume zaidi.

Rejoined ya DS9 (Deep Space Nine, Star Trek nyingine), 1995, ndo naipa maksi zote. Kuna watu wa sayari nyingine wanaitwa Watrill, na wengine wao wana kiumbe kinaishi tumboni, mwenye mwili akifa kinahamishiwa kwa mtu mwingine pamoja na kumbukumbu zote. Jadzia, Mtrill mwenye kiumbe hicho, anakutana na mwenzake Lenara ambaye kwenye maisha yaliyopita walikuwa mke na mume, na kwao kurudiana na mwenza wa maisha yale ni mwiko, ukivunja unafukuzwa kwenu na siku ukifa kile kiumbe kinakufa na wewe. Sasa hivi wote ni wanawake, wanabusiana, na humo ndani hakuna hata mmoja anayeuliza kuhusu uanamke wao, wanachoogopa ni ule mwiko tu. Shemeji yangu alikuja kufuata ugali na mlenda, alipoona busu akaguna, dakika kumi mbele anabishana na tv, "si mumewe huyo wa zamani, waacheni warudiane!" Hajajishtukia na mimi sikumshtua.

About a Girl ya 2017, ya The Orville, tamthilia nyingine ya chombo cha anga, nayo ipo. Humo kuna Wamoclan, karibu wote ni wanaume, wanaoana wao kwa wao na ni kawaida kabisa, ila Bortus na Klyden wakipata mtoto wa kike inakuwa aibu, lazima abadilishwe awe wa kiume. Bortus anabadili mawazo baada ya kuangalia katuni ya Rudolph, yule mnyama wa Krismasi mwenye pua nyekundu (nilicheka), lakini kesi ya kumtetea mtoto anashindwa. Iliniuma kwa namna yake coz mimi Mgogo, Dar nimeshaitwa ombaomba kabla sijafungua mdomo, halafu huku huku nyumbani mashangazi zangu wana maneno juu ya wenye ualbino ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Jumamosi nikarudi kibandani nimalizie ile iliyokata. Kijana akatafuta faili zima, tukaangalia dakika za mwisho pale pale kwenye kompyuta yake, singeli inapiga. Riker kachelewa. Soren ameshatibiwa, ametulia, anamwambia alikuwa mgonjwa na anaomba msamaha.

Kijana akapunguza sauti ya spika mara ya kwanza tangu nimjue. "Dada, sasa huyu kaponaje wakati alikuwa haumwi?"

Kuwekewa upya hakunitoza. Nyota nne, moja nimetoa kwa ajili ya singeli.