Faiba Nyumbani Kireka: Uzoefu Wangu wa Mwaka Mmoja na Nusu

Mimi hufundisha Kiswahili kwa njia ya mtandao kutoka chumba cha nyuma cha nyumba ninayopanga Kireka, nje kidogo ya Kampala. Mwishoni mwa 2023 mwanafunzi wangu mmoja aliyeko Ujerumani aliniaga kwa kusema, "Mwalimu, Jumanne hatutakuja." Mimi nikasikia "tutakuja." Jumanne ilipofika nikakaa mbele ya kompyuta saa nzima nikimsubiri yeye na mkewe, na kazi nyingine nimeiweka kando. Aliponiandikia kwamba alikuwa ameshaniarifu, nilirudi kusikiliza rekodi ya somo. Ni kweli alisema. Sauti ilikuwa imekatika kidogo mno, chini ya nusu sekunde, na ndani ya kipande hicho ikapotea "ha".

Tangu siku hiyo sijapima tena intaneti kwa kasi peke yake. Lugha yetu inaweka ukanushi mwanzoni mwa neno. Hawatalipa ikikosa silabi ya kwanza inakuwa watalipa. Hamtafaulu inageuka mtafaulu. Mtandao unaomeza silabi moja unampa mwanafunzi sentensi sahihi kabisa yenye maana ya kinyume, na yeye hana namna ya kujua.

Wakati huo nilikuwa natumia mifi, kile kifaa kidogo cha Wi-Fi chenye laini ya simu. Asubuhi ilifanya kazi vizuri sana. Ikifika saa moja jioni, watu wakisharudi makwao, mtaa mzima unagawana mnara mmoja, na hapo ndipo sauti inapoanza kukatakata. Bando nalo lilikuwa linaniumiza: saa moja ya somo la video ilikula karibu jigabaiti nzima, na tangu Julai 2021 kila bando la data Uganda lina ushuru wa asilimia 12 juu yake. Ushuru huo ndio uliochukua nafasi ya ile shilingi 200 ya kila siku tuliyoanza kutozwa 2018 kwa kutumia WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii. Mwalimu wa mtandaoni anayenunua bando la wiki anauhisi kila anapofungua pochi.

Faiba, yaani intaneti ya waya inayoletwa mpaka nyumbani, niliivuta Februari 2024. Sitaitaja kampuni, kwa sababu mengi ninayoyasema hapa yanahusu faiba yenyewe na mtaa wangu. Walitaka kitambulisho cha taifa, namba ya simu na malipo ya mwezi wa kwanza. Mimi nililazimika kuomba ruhusa ya mwenye nyumba, maana ukuta ulihitaji kutobolewa. Usisubiri mpaka fundi afike na mashine ya kutoboa ndipo umpigie mwenye nyumba simu. Waya wenyewe ni mwembamba kuliko nilivyodhani. Unatoka kwenye nguzo, unapita juu ya uchochoro, unaingia kwenye kisanduku kidogo ukutani, kisha rauta. Vijana wawili walimaliza kazi kwa muda usiozidi saa mbili, na mmoja wao alikaa akanieleza kila taa ina maana gani. Namshukuru mpaka leo.

Ninalipa shilingi 150,000 kwa mwezi, kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde. Tuelewane hapa: megabiti si megabaiti. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo megabiti 20 ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili la jigabaiti moja linachukua karibu dakika saba kushuka. Anayetarajia lishuke kwa sekunde 50 atadhani ameibiwa. Kwa somo la video la watu wachache hiyo inatosha na kubaki. Megabiti 3 au 4 zinafanya kazi safi. Swali nililomuuliza muuzaji, na ambalo hakutarajia, lilihusu kasi ya kupandisha. Matangazo yanataja kasi ya kushusha tu, lakini sauti yangu inamfikia mwanafunzi kwa kupandishwa. Kwenye mifi kasi ya kupandisha jioni ilikuwa ikiporomoka kabisa. Kwenye faiba imebaki pale pale, asubuhi na usiku, na hilo kwangu linazidi kasi zote za matangazo. Wanafunzi hawakuambiwa nimebadilisha kitu, lakini wiki ya pili mmoja akaniuliza kama nimenunua maikrofoni mpya.

Sasa niseme juu ya umeme, kwa sababu hapa ndipo nusu ya wanaolalamikia faiba wanapokosea. Waya wa faiba unapitisha mwanga na hauhitaji umeme mtaani kwako. Kisanduku na rauta vinauhitaji. Kwa hiyo umeme wa mtaa ukikatika, au Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikikuishia katikati ya somo, intaneti inakufa ingawa kompyuta yako ina chaji ya saa tatu. Mwezi wangu wa kwanza na faiba ilinitokea mara tano. Nikaenda mjini, Mutaasa Kafeero, kwenye maduka ya simu, nikanunua UPS ndogo ya rauta kwa shilingi 130,000. Ni betri ya ukubwa wa kitabu kidogo, unaichomeka ukutani nayo inalisha vifaa bila kukatiza hata sekunde. Yangu inanipa karibu saa nne. Kabla ya kununua, geuza adapta zako usome volti. Kisanduku changu kinatumia volti 12 na rauta volti 9, na ukichomeka waya wa 12 kwenye kifaa cha 9 unaweza kukiunguza. Ningeambiwa nichague kati ya kuongeza kasi mara mbili na kifaa hiki, ningechukua kifaa hiki bila kufikiri.

Mambo mabaya yapo. Aprili 2025 lori la mchanga lilipita uchochoroni kwetu, likakata waya uliokuwa umelegea. Taa nyekundu ikaanza kupepesa, dalili kwamba mwanga haufiki. Huduma kwa wateja wakaniambia ndani ya saa 24. Kesho yake wakaniambia hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Fundi alifika siku ya nne, akaunganisha waya kwa dakika 20. Kilichoniuma zaidi ya kusubiri ni kwamba siku zile nne sikufidiwa. Nililipia mwezi mzima, nikatumia siku 26, na nilipouliza niliambiwa mfumo hauruhusu. Mteja wa nyumbani anastahili siku zake kama anavyostahili mteja wa ofisini.

Kuna siku nyingine niliyoilaumu kampuni bure. Jumapili, 12 Mei 2024, kurasa zilikuwa hazifunguki, na nilipiga simu nikiwa na hasira. Kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa kusini mwa Afrika. Uganda haina pwani. Intaneti yetu nyingi inapanda kutoka Mombasa kwa nchi kavu. Waya ukikatika baharini huko mbali, anayefundisha Kireka naye anasimama. Jumatatu nilifuta masomo mawili.

Kwa sababu hiyo mifi sijaiuza. Iko droo ya juu na bando dogo, kwa ajili ya siku ya lori.

Jambo moja faiba haikuniponya. Mama yangu yuko Busia, hatua chache kutoka mpakani, na simu yake hurukia mnara wa upande wa Kenya bila yeye kujua. Nikimpigia kwa WhatsApp, upande wangu uko safi lakini wake unakatika, na simu husikika kwa ubora wa upande ulio dhaifu. Nilipomtembelea niliingia kwenye mipangilio ya simu, nikazima kuchagua mtandao kiotomatiki, nikauweka mtandao wa laini yake mwenyewe. Imesaidia sana, ingawa si siku zote. Juzi alinipigia kuniuliza kama nitakuja Idi. Nikamjibu, "Nitakuja, mama." Akanyamaza, kisha akasema, "Rudia, mwanangu, nimesikia vibaya au umesema huji?" Nikarudia polepole, mara mbili, mpaka aliposema amesikia.