Mgahawa ulioninyima sahani niliyoitaka: uzoefu wangu wa kula nje bila gluteni

Nina ugonjwa wa siliaki, na kwa sababu hiyo mgahawa ninaouzungumzia hapa nimeupima kwanza kwa swali moja: je, naweza kula hapo na kuamka kesho yake nikiwa mzima? Jibu langu ni ndiyo. Sikulipata kwa mlo mmoja, bali kwa kurudi tena na tena, mchana na usiku, siku za utulivu na siku ambazo meza zote zimejaa na wahudumu hawana nafasi ya kupumua. Ladha na starehe ya mahali nitavigusa, lakini kwa mtu wa hali yangu hivyo huja baadaye.

Kwa wasioufahamu, ugonjwa huu si mzio, wala kuukwepa mkate si mtindo wa kutafuta wembamba. Gluteni ni protini zilizomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Mgonjwa wa siliaki akizila, kinga ya mwili wake huushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, hadi vile vijinyweleo vinavyofyonza virutubisho vinasinyaa na chakula kinapita bila kuujenga mwili. Inakadiriwa kwamba mtu 1 hivi kati ya 100 duniani ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajatambua. Tangu daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alipoeleza katika tasnifu yake ya mwaka 1950 jinsi watoto wagonjwa walivyopata nafuu ngano ilipoondolewa katika chakula chao, tiba imebaki ile ile: kuacha gluteni kabisa, maisha yote. Kwangu mimi jikoni ndilo duka la dawa, na kila ninapokula nje namkabidhi ufunguo wake mtu nisiyemjua.

Ndiyo maana alama ya “bila gluteni” kwenye menyu hainitoshi. Nimeshakaa katika migahawa yenye alama hiyo kando ya nusu ya vyakula vyake, halafu nikauliza viazi vinakaangwa wapi na kuambiwa kwa tabasamu kwamba mafuta ni moto sana, hivyo hakuna shaka. Moto hauiondoi gluteni. Viazi vyenyewe havina tatizo lolote, lakini vikizamishwa katika mafuta ambamo samaki waliopakwa chenga za mkate wamekaangwa asubuhi nzima, vinatoka vikiwa vimebeba kile ninachokikimbia. Mgahawa huu umeliona tatizo hilo tangu kwenye karatasi: menyu yake ina alama mbili, moja kwa chakula ambacho viambato vyake havina gluteni, na nyingine kwa chakula ambacho, pamoja na hayo, kimeandaliwa kwa vyombo vyake pekee na sehemu yake pekee. Kwa anayepunguza ngano kwa hiari yake, alama ya kwanza yatosha. Sisi wengine twatazama ya pili.

Jambo lililonifanya niuamini, hata hivyo, halikuandikwa popote. Siku moja niliagiza samaki aliyepakwa unga wa mchele na kukaangwa, sahani yenye alama ya pili, ambayo nilikuwa nimeshaila pale na kuipenda. Mhudumu aliandika, akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu. “Samahani sana, leo sitaweza kukupatia huyo samaki,” akasema, kisha akanieleza kwamba mashine ya kukaangia iliyotengwa kwa ajili ya vyakula vyetu ilikuwa imeharibika, na iliyobaki ilikuwa inakaanga vitu vya unga wa ngano. Angeweza kunyamaza. Sahani ingefika ikiwa na sura ile ile na harufu ile ile, nami ningekula na kulipa, na maumivu ya siku zilizofuata nisingeweza kuyathibitisha kuwa yametoka kwao. Badala yake alinipendekezea samaki yule yule achomwe katika kikaango safi kwa mafuta mapya, akaongeza kwamba mpishi ameshaulizwa na amekubali. Nimekula chakula kizuri sehemu nyingi, lakini ni nadra sana kukuta jiko lililo tayari kupoteza oda kwa ajili ya utumbo wa mteja, na kwangu hicho ndicho kipimo cha mgahawa unaojua unachokifanya.

Baadaye, saa ya utulivu, meneja aliniruhusu kutazama kupitia dirisha la jikoni. Mbao za kukatia za rangi moja zimetengwa, na hakuna hata moja ya mti, kwa kuwa mti una nyufa zinazohifadhi chembe. Chujio la tambi liko peke yake, na maji ya kuchemshia tambi zisizo na ngano hayashirikiwi, kosa ambalo hata wapishi makini hulifanya kwa kudhani kwamba maji yanayochemka husafisha. Kila koleo na kila upawa una mahali pake. Anayeshika oda yetu hunawa kwa sabuni na maji, na mpishi alinieleza sababu vizuri kuliko ninavyoweza kuieleza mimi: kitakasa mikono huua vijidudu, lakini gluteni si kijidudu cha kuuawa, ni kitu cha kuondolewa. Vyakula vyetu vya kuokwa huandaliwa asubuhi kabla mfuko wowote wa ngano haujafunguliwa, maana unga huelea hewani kwa muda mrefu na kutua popote utakapo.

Tahadhari zote hizo zaweza kuonekana nyingi mno kwa mtu asiye na ugonjwa huu, lakini hesabu yake si ngumu. Kipande cha mkate wa ngano huwa na gramu 2 hivi za gluteni, ilhali kwa wagonjwa wengi kiwango kinachodhaniwa kuwa salama ni chini ya miligramu 10 kwa siku. Ukikigawa kipande hicho vipande 200, kimoja tu kinatosha kukifikia kikomo cha siku nzima. Kwa hiyo mkate ukiwekwa kwa bahati mbaya ukingoni mwa sahani yangu, kuuondoa si suluhisho; ni lazima sahani iandaliwe upya. Hapa jambo hilo limewahi kutokea mbele ya macho yangu, nami sikulazimika kusema neno, kwani mhudumu aliyeleta sahani aliliona mwenyewe, akaomba radhi na kuirudisha. Nilisubiri, na wenzangu mezani wakasubiri nami.

Eneo jingine ambalo migahawa mingi huteleza ni michuzi na sosi. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano pamoja na soya, kimea cha shayiri hujificha katika viungo vingi vya chupa, baadhi ya soseji hujazwa chenga za mkate, na mchuzi mzito mara nyingi umepata uzito wake kutokana na unga. Nilipouliza kuhusu sosi ya nyama, mhudumu hakujibu kwa “sidhani,” neno ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Alileta chupa yenyewe mezani ili nisome. Ilikuwa na maandishi ya “bila gluteni,” ambayo kwa kiwango cha Codex Alimentarius, yaani kanuni za kimataifa za chakula, kinachofuatwa pia na Umoja wa Ulaya na Marekani, maana yake ni kwamba gluteni haizidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula. Tena chupa ilikuwa na kifuniko chake na kijiko chake, jambo ambalo kanuni za kiwandani haziwezi kulihakikisha baada ya chupa kufunguliwa.

Chakula chenyewe ni kizuri, na baadhi ni kizuri sana. Samaki na nyama za kuchoma ndizo nguvu yao. Mkate usio na ngano ni mkavu kidogo, kama ilivyo mingi ya aina hiyo, ila huupasha moto katika oveni ukiwa umefungwa kwa foili badala ya kuutia katika tosta ya wote, na nauchagua huo kuliko mkate laini nisioujua ulikopita. Tambi za mahindi na mchele huzichemsha kupita kiasi.

Kasoro zipo. Oda zetu huchelewa, na mwenye haraka asiende saa ya msongamano. Kitindamlo kilikuwa duni: matunda, aiskrimu, na biskuti za oti zilizopewa alama ya pili bila maelezo ya oti hizo zilitoka wapi. Oti kwa asili si ngano, lakini mara nyingi huchanganyika nayo shambani, kwenye usafirishaji na kinuni, na hata zilizo safi kabisa kuna wagonjwa wachache wasiozivumilia. Nilimweleza meneja, na niliporudi nikakuta alama imeondolewa. Aidha, usiku mmoja mhudumu mgeni hakuwa anatofautisha kati ya mteja asiyetaka gluteni na mteja asiyeweza kuila. Alipoona maswali yangu yanaongezeka alimwita mwenzake mzoefu, nami naona alifanya sawasawa.

Kwa anayepanga kwenda, napendekeza apige simu mapema na ataje ugonjwa kwa jina lake, kwa sababu oda iliyoandikwa “siliaki” hupokelewa jikoni kwa uzito tofauti na iliyoandikwa “hapendi ngano.” Aulize pia kama mashine ya kukaangia iliyotengwa inafanya kazi siku hiyo. Nimewaomba waitoe orodha kamili ya viambato ili mgeni aisome nyumbani kabla ya kuja, na meneja amesema wanaiandaa. Itakapotoka nitaisoma yote na kuongeza hapa nitakachokiona.