Kontena toka China mpaka Mwanza: uchukue lipi? Nimepanga kuanzia linalofaa zaidi

Ukiuliza bei ya kontena toka China utatajiwa bei ya mpaka Dar, na watu wengi wa Makoroboi na Igoma wakishaisikia wanafurahi wanatuma hela. Sasa bei ya mpaka Dar ni bei ya mtu wa Kariakoo. Sisi tuko zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja toka baharini, na hiyo barabara ndo inaamua kontena gani linakulipa, kuliko hata meli yenyewe. Hapa nimepanga kwa macho ya mtu wa Mwanza mwenye fremu au stoo ya jumla na mtaji wa kawaida. Kama una godauni kubwa Nyakato na malori yako mwenyewe basi mpangilio wako utakuwa tofauti, soma tu ujifurahishe.

Hesabu mbili kwanza, maana bila hizi utapigwa mchana kweupe.

Ya kwanza ni CBM, yaani mita za ujazo. Unapima boksi urefu mara upana mara kimo, kwa mita. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 50 ni CBM 0.12, kwa hiyo maboksi 50 ni CBM 6. Kwenye meli tani moja inahesabiwa sawa na CBM moja, afu unalipia kilicho kikubwa kati ya tani zako na CBM zako, ndo maana mtu wa misumari na spea analipia uzito na mtu wa maua ya plastiki analipia nafasi. Vipimo vya kwenye tangazo la saplaya usiviamini, mwambie apime boksi likiwa limeshafungwa na akutumie picha yenye futi ya kupimia inaonekana, maana bidhaa inaweza kuwa ndogo halafu boksi lake limejaa hewa, na hewa hiyo unailipia nauli toka Guangzhou.

Ya pili ni kodi. TRA hawakokotoi kwenye bei ya mzigo peke yake, wanachukua mzigo, nauli ya meli na bima vyote pamoja, ndo hiyo CIF. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi nne, 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na bidhaa nyingi zilizokamilika za dukani zinaangukia hizo mbili za juu. Tuseme CIF yako ni dola 10,000 na ushuru ni 25, unalipa 2,500, halafu VAT ya 18 inapigwa juu ya 12,500, hiyo ni 2,250. Jumla 4,750 na bado tozo nyingine ndogondogo hazijaingia. Kwa hiyo nauli ya meli ikipanda na kodi inapanda nayo, hili watu wengi hawalijui wanashangaa tu mbona mzigo uleule mwaka huu kodi imekuwa kubwa.

Haya tuanze.

Namba moja: kushea kontena, yaani kulipia CBM zako tu

Kwa watu wengi wa huku hili ndo la kwanza na sioni aibu kulisema ingawa kuna watu wanaona kushea ni umaskini. Unanunua Yiwu au Guangzhou, saplaya anapeleka kwenye stoo ya kampuni ya kago kulekule China, wanachanganya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja, ikifika Dar wanaifungua wao, wanaklia wao, wewe unakabidhiwa maboksi yako. Uzuri mkubwa kwa mtu wa Mwanza ni kwamba kontena tupu halikuhusu kabisa, na nikifika kwenye futi 40 utaona kwa nini nasema hivyo. Maboksi yako yanapanda lori la mizigo linalokuja Mwanza pamoja na mizigo ya wengine na kwa jinsi hiyo nauli ya barabara unalipia ya kwako tu.

Kampuni nyingi zinatoa bei ya CBM na "ushuru ndani". Ni tamu kwa sababu unajua gharama yako mapema, ila kaa ujiulize karatasi za forodha zimetoka kwa jina la nani. Kama mzigo umeingia kwa TIN ya mtu mwingine, siku TRA wanakagua duka lako hauna kitu cha kuwaonyesha kwamba hizi bidhaa zimelipiwa kodi, na kama umesajiliwa VAT ile uliyolipa bandarini huwezi kuidai. Mwenye duka dogo anaweza kuvumilia. Ukianza kukua, ukaanza kuuzia shule, mahoteli na migodi ya Geita wanaotaka risiti zimenyooka, hapo utaumia. Uliza kabla, na upate jibu kwa maandishi sio kwa simu.

Ubaya mwingine ni kwamba unasafiri na watu usiowajua. Mmoja akiingiza kitu kisichoruhusiwa, kontena zima linashikiliwa na nyie wote mnasubiri. Kwa huku ziwani naona wengi wanaagiza taa za sola za wavuvi wa dagaa, sasa hizo zina betri za lithiamu na betri za lithiamu kwenye meli ni mzigo wa hatari, lazima zitajwe na zifungwe inavyotakiwa. Kampuni ikikwambia "andika tu ni taa" ujue imeshawaambia na wengine hivyohivyo. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki nazo usithubutu, ni haramu, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 ila bado kuna mtu anadhani akiichomeka katikati ya mabeseni haitaonekana.

Ukivuka kama CBM 13 hadi 15 anza kuulizia bei ya futi 20 nzima, maana hapo kushea kunaanza kuwa ghali kuliko kuwa na la peke yako.

Namba mbili: futi 40 refu kwenda juu, wanaita haikyubu

Nimeliweka juu ya futi 20 na najua wengine watabisha. Futi 20 ndani ni kama CBM 33, haikyubu ni kama CBM 76, yaani zaidi ya mara mbili, lakini nauli ya meli kwa kawaida haifiki mara mbili, na lori la kulileta Mwanza ni semi moja tu vilevile. Ukigawa kwa CBM linakuwa rahisi sana. Kwa mtu wa fanicha za Foshan, vyombo vya plastiki, nguo, viatu, mabegi, midoli, hakuna kitu kinachoshinda hili. Usidhani utazijaza zote 76 lakini, mapengo hayakosekani, hesabia 65 hadi 68.

Sasa tatizo. Kontena sio la kwako, ni la kampuni ya meli, na wanalitaka lirudi tupu kwenye yadi yao, mara nyingi Dar. Una siku za bure, zikiisha unalipia kila siku kwa dola, na pale mwanzo walichukua dipoziti. Kwa mtu wa Dar kurudisha ni safari ya nusu siku. Kwako wewe ni lori lipande mpaka Mwanza, lishushe, ligeuze na kontena tupu mgongoni zaidi ya kilomita elfu tena, na mwenye lori hawezi kupakia mzigo mwingine kwa sababu kontena lako limemkalia, hiyo safari ya kurudi unailipia wewe hata kama hakuitaja. Kipindi cha pamba, kuanzia Mei na kuendelea, malori yanayoshuka yanapata mizigo kirahisi, na hapo mwenye lori atapenda kuja na gari wazi kuliko kubeba kontena lako. Mkisema kontena lenyewe lijazwe pamba lirudi nalo, inawezekana, ila kampuni ya meli lazima ikubali kwanza.

Ushauri wangu, kwa mzigo wa maboksi fungulieni Dar. Kontena litolewe bandarini au bandari kavu, mzigo uhamishiwe kwenye semi au Fuso, tupu lirudi siku hiyohiyo, dipoziti yako uidai. Utalipa makuli na stoo lakini ni kidogo ukilinganisha na ditensheni, hiyo tozo ya kila siku kontena likichelewa kurudi. Kasoro yake ni wizi na kuvunjika, kwa hiyo mtu wako awepo pale anahesabu boksi kwa boksi akiwa na pakinglisti (orodha ya mzigo) mkononi, na namba ya sili, ile lakiri ya mlangoni, aifananishe na iliyoandikwa kwenye BL (hati ya mzigo ya kampuni ya meli) kabla sili haijakatwa. Sio shemeji aliyepita tu kusalimia, mtu anayejua mzigo.

Vioo, mashine na fanicha zilizopangwa kwa ustadi hizo lete na kontena mpaka mlangoni, kuzihamisha njiani ni hasara. Ila andaa foklifti au vibarua mapema, na angalia kama semi inaweza kugeuza mtaani kwako, maana mitaa ya mjini kati mingine ukiileta semi yenye futi 40 inakwama na trafiki wanakuja kukusalimia.

Namba tatu: futi 20

Hili ni la vitu vizito, basi. Vigae, misumari, vyuma, injini, mashine za kusaga. Vigae vinamaliza uzito kabla kontena halijafika hata nusu, kwa hiyo kununua futi 40 ya vigae ni kununua giza. Uzito wa mzigo ni kama tani 26 hadi 28 kutegemea kontena na njia, na kumbuka barabarani kuna mizani kuanzia Vigwaza pale, jumla ya lori na mzigo ni tani 56 kwa gari la ekseli nyingi na hata chini ya hapo ekseli moja inaweza kuzidi kama mzigo umepangwa upande mmoja. Mwambie saplaya asirundike vizito vyote mlangoni.

Namba nne: kuungana watu watatu wanne mnunue moja

Kwenye karatasi ni nzuri kuliko zote. Shida ni kwamba BL inatoka kwa jina moja, huyo mmoja ndo mwenye mzigo machoni pa sheria, na mmoja wenu akikosa hela ya ushuru siku ya kuklia kontena haligawanyiki, dimareji (tozo ya kontena kukaa bandarini) inawala wote. Kama mnafanya, hela ya kodi yote iwe benki kabla meli haijafika, na mwandikishane. Ndugu wa damu ndo wabaya zaidi kwenye hili kwa sababu mnaoneana aibu kudaiana.

Namba tano: Mombasa

Kuna atakayekwambia pitisha Mombasa uje Sirari, Musoma, Mwanza, au treni mpaka Kisumu halafu ziwa. Kwa ramani inaonekana karibu. Lakini mzigo unapita nchi ya pili kama transiti, kunatakiwa bondi (dhamana ya kodi), na kontena tupu linadaiwa Mombasa, na wakala wako wa Dar hana msaada wowote kule. Waganda wanaifanya kila siku sababu hawana bahari. Wewe unayo, ya nini. Labda kama saplaya wako yuko Nairobi.

Reli nayo nimeitoa kwenye mpangilio kwa sasa, ile ya zamani inafika mpaka bandari ya Mwanza Kusini lakini kwa mtu wa kontena moja kupata behewa kwa wakati unaoutaka ni kubahatisha. SGR kipande cha Isaka mpaka Mwanza kikianza kubeba mizigo nitapanga upya.

Mambo ya kubana kabla ya kutuma hela, haijalishi umechagua lipi. Saplaya akikupa bei ya CIF Dar yenye nauli ya meli ya kuchekesha, jua fowada wake (wakala wa usafirishaji) anakusubiri Dar na orodha ya tozo, omba FOB, yaani bei ya mzigo mpaka kwenye meli kulekule China bila nauli, utafute fowada mwenyewe au wakupe tozo zote za Dar kwa maandishi. Cheti cha ubora cha TBS kinatafutwa kulekule kabla mzigo haujapakiwa, ukija bila hicho utakaguliwa huku kwa gharama na faini. Bima kata na kampuni ya hapa nchini, usiikwepe, Machi 2021 ile Ever Given ilikwama Suez siku sita na baadaye wenye mizigo yote ndani wakaambiwa wachangie gharama za kuinasua, hata ambao boksi zao hazikuguswa. Mwenye bima, bima ndo inashughulika nalo.

Kabla ya kupakia mwambie mtu aingie ndani ya kontena afungiwe mlango dakika moja arekodi, akiona mwanga popote lina tundu, likataliwe. Na waweke vifuko vya kunyonya unyevu maana kontena linatoka jasho baharini, nguo na makochi yanafika na ukungu. Oda isiangukie mwaka mpya wa Kichina, Januari mwishoni au Februari, viwanda vinafunga wiki kadhaa, na kabla ya hapo kila mtu anakimbilia meli moja, bei inaruka. Meli toka China huwa inachukua mwezi mpaka mwezi na nusu na mara nyingi mzigo unahamishwa meli njiani, Singapore au Colombo, kwa hiyo bidhaa za Krismasi ukiagiza Oktoba utaziuza Pasaka.

Kama mzigo unaenda Sengerema au Geita, daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa toka Juni 2025, lori linapita moja kwa moja, kwa hiyo mwenye lori akikuongezea hela ya foleni ya kivuko mwambie arudishe.