Steringi ya bagi la Beetle: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Volkswagen Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1967, huko Baja California, Mexico, bagi (gari jepesi la wazi la mchangani na porini) la Meyers Manx lenye injini na vyuma vya Beetle likashinda mbio za kwanza za Mexican 1000 kwa saa 27 na dakika 38. Kwa hiyo anayejenga bagi juu ya Beetle hajakosea kuchagua. Shida iko mbele, kwenye steringi. Kiwanda kiliitengeneza kwa ajili ya tairi nyembamba na mwendo wa barabarani. Wewe umeweka tairi kubwa na rimu zilizotokeza nje, halafu unaruka nalo matuta. Tairi ikigonga jiwe, wenzo unaokandamiza fimbo za steringi ni mrefu kuliko ule uliokusudiwa.

Mpangilio huu nimeufuata kwa kigezo kimoja: pesa ya kwanza iende panapovunjika kwanza. Na kila ukiimarisha kipande, jiulize nguvu ile sasa itaishia wapi. Ukiweka fimbo isiyopinda kabisa, kitakachokatika ni mkono wa gurudumu (kipande kinachounganisha fimbo na gurudumu) au boksi ya steringi (yenye gia zinazogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa fimbo), na hapo hurudi nyumbani kwa kuendesha. Fimbo iliyopinda unaweza kuinyoosha porini ukafika.

Nafasi ya kwanza: fimbo ndefu ya bomba

Beetle ina fimbo mbili za steringi (tairodi) zisizolingana urefu, kwa sababu boksi imekaa upande wa dereva. Kwa gari la usukani wa kulia, kama Beetle nyingi za Kenya na Tanzania, fimbo ndefu ni ile inayokwenda gurudumu la kushoto. Hiyo ndiyo hupinda kwanza, na sababu yake ni ya kihesabu: fimbo inayosukumwa kutoka ncha zote mbili, ukiiongeza urefu mara mbili, inabaki na uwezo wa kuhimili robo tu ya mzigo kabla ya kujikunja.

Hapa wauzaji wengi watakuambia habari za aina ya chuma, hasa chromoli 4130, yaani chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni. Ni chuma kizuri, hakipindi moja kwa moja upesi na kinachomelewa vizuri kwa fundi anayekijua. Lakini ugumu wake wa kujikunja ni karibu sawa na wa chuma cha kawaida. Kinachobeba kazi hasa ni kipenyo cha nje. Chukua shafti isiyo na tundu ya mm 16, uilinganishe na bomba la mm 25 lenye ukuta wa mm 3. Uzito ni karibu sawa, lakini bomba linakataa kujikunja karibu mara 4 zaidi. Ukipata bomba nene la chuma cha kawaida lisilo na mshono, usilidharau eti kwa sababu halina jina la kigeni.

Unaweza kununua seti iliyokwisha tengenezwa kutoka kwa wauza spea za bagi wa Marekani, au kumpa kazi mkereza vyuma aliye karibu nawe. Mimi napendelea mkereza, mradi atie vipande vyenye thredi ndani ya bomba, avichomelee kuzunguka, na pia atoboe bomba pembeni kabla ya kuvitia, ili achomelee na pale. Ncha moja iwe na thredi ya kulia na nyingine ya kushoto. Bila hivyo kila ukitaka kurekebisha alaimenti itabidi ufungue ncha nzima.

Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari na uzi. Uvute kutoka ncha hadi ncha ya fimbo yako ya sasa. Ukiona mwanya katikati, fimbo imeanza kujikunja hata kama usukani bado unaenda sawa.

Ya pili: vichwa vya fimbo na jinsi vinavyofungwa

Una njia mbili. Ya kwanza ni tairodi endi ya kawaida, ile yenye kifuniko cha mpira. Kifuniko kinazuia mchanga na matope, spea zinapatikana Gerezani (Dar es Salaam), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala) bila kuagiza nje, na kwa bagi la kutembelea mashambani na ufukweni zinatosha kabisa. Nunua nzuri, tia grisi kama ina nipo (chuchu ya kupitishia grisi), na kila wakati weka pini mpya ya kufungia nati.

Ya pili ni kichwa chenye gololi, kile ambacho watu wa mashindano hutumia. Ni imara zaidi na kinaruhusu tairi kupanda na kushuka kwa pembe kubwa. Ila kiko wazi, mchanga unaingia, na kitalegea. Wauza bearing wanavyo vya mashine za viwandani. Soma alama: SA au POS ni chenye thredi ya nje, SI au PHS ni chenye thredi ya ndani, herufi L ikiongezwa ni thredi ya kushoto, na namba ni kipenyo cha tundu kwa milimita. Vya bei ya chini ni vya chuma laini kilichopakwa zinki, vinafaa kusukuma lever ya mashine. Kwenye steringi tafuta vya chuma cha aloi vilivyoandikwa mzigo vinaouhimili. Kampuni kama Aurora, FK na QA1 huvitengeneza kwa magari ya mashindano.

Ukichagua gololi, kuna mambo mawili ambayo siyakubalii mjadala. Tundu la mkono wa gurudumu kwenye Beetle ni pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, ili lishike tairodi endi. Bolti iliyonyooka ikipitishwa humo inagusa sehemu ndogo tu, itacheza, itakatika. Tundu lazima litobolewe sawasawa na kuwekewa bushi ya kubana. Na juu ya gololi iwekwe washa kubwa kuliko tundu la kichwa, ili gololi ikichomoka fimbo isianguke.

Bolti iwe ya daraja la nguvu 10.9, namba imechongwa kichwani, isome mwenyewe. Isiyo na namba irudishe dukani. Halafu, kama nafasi ipo, kichwa kishikwe kutoka juu na chini, katikati ya vibati viwili. Bolti inayoshikwa upande mmoja hukunjwa kila tairi inapogonga. Ikishikwa pande mbili inabaki kukabili mkato tu, nao umegawanyika sehemu mbili. Kwa bei ya kibati na kuchomelea, hakuna kitu kinachorudisha faida kubwa hivi, na ningekiweka nafasi ya kwanza kama fimbo ndefu isingekuwa dhaifu kiasi kile.

Ya tatu: boksi na ekseli ya mbele

Boksi ya Beetle imeshikwa na klampu kwenye bomba la ekseli. Kwenye mawe huzunguka kidogo kidogo. Ukitikisa usukani ukaona boksi inasogea kabla ya fimbo, hapo ndipo pesa yako iende, hata kabla ya fimbo. Kipande cha chuma kinachoiunganisha na fremu kinatosha.

Kuhusu ekseli: Beetle nyingi za hadi mwaka 1965 zina kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia), zilizofuata zina boli jointi (kiungo cha gololi). Wajenzi wa bagi za mashindano huchagua kingpini kwa sababu inaruhusu mwendo mkubwa zaidi wa juu na chini bila kubana. Ukipata ekseli nzima ya kingpini kwa bei nafuu, inunue, lakini hesabu pia gharama ya kubadilisha pini na bushi zilizochoka.

Ya nne: shokapu ya steringi

Inatuliza mtikisiko wa usukani na mikono itakushukuru. Haiimarishi kitu. Ikiondoa mtikisiko uliosababishwa na kichwa kilicholegea, imekuficha hatari. Inunue baada ya hayo ya juu.

Ya tano: kubadilisha boksi kwa reki

Reki ndogo za bagi (upau wenye meno unaosukumwa kushoto na kulia na gia ya usukani) zinavutia kwa wepesi na usukani unaitika haraka. Lakini ukibadilisha bila kupima, fimbo hazitapanda na kushuka kwa mzunguko uleule wa mikono ya ekseli, na gari litajigeuza lenyewe kila linapopita bonde. Inua mbele kwa jeki, toa springi au legeza ekseli, pandisha na shusha gurudumu, uangalie kama linageuka. Kama linageuka, sogeza reki kabla ya kuichomelea moja kwa moja. Kwa anayejenga bagi upya kutoka fremu, reki ni chaguo zuri. Kwa mwenye Beetle inayotembea, boksi nzima iliyofungwa vizuri inamtosha.

Fimbo za alumini zenye rangi za kung'aa naziacha chini ya reki. Ugumu wa alumini ni karibu theluthi moja ya chuma, hivyo ili ilingane lazima iwe nene zaidi, na thredi zake huliwa upesi ukifungua na kufunga mara nyingi. Kuna zilizotengenezwa vizuri kwa unene mkubwa. Nyembamba za mapambo usiziguse.

Power steringi sijaiweka kwenye orodha. Injini ya Beetle iko nyuma, mbele ni kwepesi. Ukiona usukani mzito, kagua kingpini zisizo na grisi na upepo wa tairi.

Na kuchomelea nondo pembeni mwa fimbo ya zamani, kama baadhi ya gereji wanavyofanya, kubali tu ukiwa umekwama porini na unataka kufika nyumbani. Moto wa kuchomelea huacha chuma pembeni mwa weldi kikiwa dhaifu au kikavu, na mpasuko huanzia hapo bila kuonekana chini ya rangi.

Unapoagiza, pima kwa vernia kipenyo na hatua ya thredi (umbali kati ya jino na jino) ya kila ncha, uandike ipi ni ya kushoto, na uzungushe usukani hadi mwisho kila upande uone kama kichwa chochote kinabana kabla ya kizuizi. Ukishafunga, piga mstari wa rangi kutoka nati hadi kwenye fimbo, fanya alaimenti, tembea kidogo kwenye vumbi, kisha rudi uangalie mistari kama bado imekutana.